Barua kwa mwanangu: kwa nini nimekubali kuingia kwenye utafiti wa dawa

Mwanangu mpenzi,

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia jana usiku, yote, mpaka pale ulipoanza kulia. Hukunikosea adabu hata kidogo. Lakini uliniambia, "Mama, wasikufanye panya wa maabara," na neno hilo sitaki likae moyoni mwako bila jibu. Kwenye simu tusingefika mbali, maana ukilia na mimi nalia. Ndiyo maana nakuandikia.

Hali yenyewe ni hii. Picha za mwezi huu zimeonyesha kwamba saratani yangu ya matiti imeweka vivimbe vipya kwenye ini. Dawa tatu nilizoanza nazo zimenibeba muda mrefu kuliko nilivyothubutu kuomba, ila sasa ugonjwa umeshazizoea. Daktari amenieleza tiba ambayo kwa kawaida ingefuata, kisha akaniuliza kama ningependa kuipata ndani ya utafiti: dawa zilezile za kawaida, na juu yake kidonge kipya, au kidonge kinachofanana nacho ambacho hakina dawa ndani. Kompyuta ndiyo inayopanga nani apate kipi. Mimi sitajua, na daktari naye hatajua.

Najua hapo ndipo ulipopandwa na hasira. Sasa sikiliza, mama. Hakuna atakayeachiwa kidonge kitupu peke yake. Kila anayeingia anapata tiba kamili ambayo angeipata hata kama utafiti usingekuwepo. Kinachopimwa ni hiyo nyongeza. Hilo ndilo swali nililoanza nalo, na jibu lingekuwa tofauti ningechukua mkoba wangu nikaondoka.

Nikwambie zile dawa tatu zilikotoka. Saratani yangu ni ya aina ya HER2. Seli zake zimejaa protini yenye jina hilo kupita kiasi, nayo ndiyo inayozisukuma zigawanyike bila kupumzika. Zamani mwanamke akiambiwa ana aina hii, ndugu walikuwa wanaanza kutazamana. Halafu ikaja trastuzumabu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin, kingamwili iliyotengenezwa ili iishike protini hiyo. Marekani waliiidhinisha mwaka 1998. Daktari Dennis Slamon na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao wa dawa hiyo mwaka 2001. Walikuwa wanawake 469 ambao saratani ilikuwa imeshasambaa. Nusu ya waliopewa kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, pamoja na dawa hiyo waliishi kuvuka miezi 25. Kwa waliopewa kemo peke yake, nusu yao walivuka miezi 20. Miezi mitano, mwanangu, usiione midogo. Utafiti huohuo ndio uliofichua kwamba dawa hiyo ikitolewa pamoja na kemo za jamii ya anthrasaiklini inaumiza moyo: 27 katika kila 100 walipata matatizo ya moyo, wakati kwa waliopata kemo hizo peke yake walikuwa 8. Ndiyo sababu mimi hupimwa moyo kila baada ya miezi michache. Nalalia ubavu wa kushoto, yule dada ananipaka jeli ya baridi kifuani, ananibonyeza na kile kifaa chake katikati ya mbavu, nami naziona vali zikifunguka na kujifunga kwenye skrini. Kipimo hicho ninacho kwa sababu ya wanawake ambao mioyo yao ilidhoofika kabla yangu, na kuna mtu aliyeandika yaliyowapata.

Kisha watu wakajiuliza: je, tukiongeza ya tatu? Utafiti uliopewa jina CLEOPATRA uliingiza wagonjwa 808 kutoka nchi 25, kati ya 2008 na 2010. Wote walipata Herceptin na kemo ya dosetakseli. 402 wakaongezewa pertuzumabu, 406 wakaongezewa dripu isiyo na dawa. Pertuzumabu nayo inaishika HER2, lakini mahali pengine, pale inapojiunga na protini mwenzake, HER3. Chukulia mlango wenye komeo juu na komeo chini. Mwizi akilegeza la juu, la chini bado limeshika. Matokeo ya mwisho, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha nusu ya waliopata dawa tatu walivuka miezi 56.5, na kwa waliopata mbili ilikuwa miezi 40.8. Baada ya miaka minane, 37 katika kila 100 wa kundi la dawa tatu walikuwa hai, na 23 wa kundi lile lingine. Tena baada ya matokeo ya mwanzo kutoka, waliokuwa kwenye dripu isiyo na dawa waliruhusiwa kuhamia kwenye dawa.

Mimi nawafikiria wale 406 kuliko wengine wote. Bila wao hakuna daktari ambaye angeweza kusema miezi ile ya ziada imeletwa na dawa au imeletwa na bahati. Siku ya mahafali yako nilikaa mstari wa mbele, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wale wanawake wana sehemu yao katika siku ile, na hakuna hata mmoja ninayemjua jina.

Sitaki udhani kila mchanganyiko unafaulu. Dawa nyingine ya saratani, Avastin, ilipochanganywa na kemo ya paklitakseli, ugonjwa ulitulia kwa miezi 11.8, wakati kemo peke yake ilikuwa 5.9. Mwaka 2008 Marekani wakaiidhinisha haraka kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Lakini ukija kwenye uhai wenyewe, ilikuwa miezi 26.7 kwa 25.2, tofauti isiyo na uzito. Tafiti zilizofuata zikaonyesha faida ndogo zaidi, na madhara yapo: presha kupanda, kuvuja damu. Novemba 2011 idhini hiyo ikafutwa. Wanawake walikuwa wamekwenda kutoa ushahidi, wakiomba isifutwe kwa sababu wao iliwasaidia. Nawaelewa hadi mfupani, na bado naona uamuzi ulikuwa wa haki. Ndiyo maana simuulizi daktari tu ugonjwa utatulia kwa muda gani. Namuuliza pia nitaishi kwa muda gani, na kwa hali gani.

Iko sababu nyingine ambayo ni yangu mwenyewe. Katika CLEOPATRA watu weusi walikuwa wachache mno. Trastuzumabu imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, na Desemba 2019 shirika hilo likathibitisha kwa mara ya kwanza dawa inayofanana nayo, ili bei ishuke na nchi kama yetu zifikiwe. Dawa hizi zinasafiri kuja nyumbani. Nataka zikifika ziwe zimeshapita kwenye miili ya watu kama sisi, na yaliyotokea yameandikwa.

Hofu ninayo, sikufichi. Naogopa kuharisha, naogopa ini, nachoka na sindano za kutoa damu. Lakini dawa hii iko kwenye hatua ya tatu ya utafiti. Ya kwanza ilitafuta kipimo ambacho mwili unakivumilia, ya pili ikaangalia kama dawa inaugusa ugonjwa. Iko kamati huru inayoziona takwimu ambazo sisi hatuzioni, nayo ina mamlaka ya kusimamisha kila kitu. Na fomu niliisoma na kalamu mkononi. Palipoandikwa kwamba naweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yangu yataendelea, nimepigia mistari miwili.

Nitasaini Alhamisi. Fomu nzima nimeipiga picha na kukutumia. Anza na kurasa za madhara, kisha ule wa nani ataona taarifa zangu. Andika kila unachotaka kuuliza, hata kama unaona ni swali la kitoto. Nitayasoma yote mbele ya daktari kabla sijashika kalamu, na asiponijibu likaeleweka, sisaini siku hiyo.

Habari za ini bibi yako asizisikie kwenye simu. Panda basi uende Tanga, ulale kwake angalau siku mbili, umwambie taratibu. Na safari yangu ya Desemba iko palepale. Nimeshamuuliza nesi, amesema itaingia vizuri katikati ya dripu mbili. Tafuta tiketi.

Mama yako akupendaye