Taka za Nairobi zinavuliwa Mambrui

Mhariri,

Novemba iliyopita nilikwenda Mambrui, pwani karibu na Malindi, kumsaidia mjomba, ambaye ni mvuvi. Mvua za vuli zilikuwa zimeufurisha Mto Sabaki na bahari imekuwa nyekundu hadi mbali. Jarife lake tuliliopoa na chupa za soda, vifuniko, ndara zilizokatika na changu watatu tu. Mjomba hakusema kitu, ila anajua naishi Nairobi.

Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikaitwa Galana, na Galana ikifika pwani ni Sabaki. Kila asubuhi navuka kivuko cha miguu kati ya Dandora na Korogocho, na taka za jaa la Dandora zimefika ukingoni mwa Mto Nairobi kabisa, zinangoja mvua tu.

Viongozi wetu wakitaka kuinusuru bahari, waanzie hapo. Jiji hili limeandaa mikutano ya kutosha. Mwaka 2018 ulikuwa mkutano wa uchumi wa buluu, yaani wa kunufaika na bahari, maziwa na mito bila kuviharibu, katika jumba la mikutano la KICC. Machi 2022, hapa hapa Nairobi, mataifa yaliafikiana kuandaa mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Agosti 2025 wajumbe waliondoka Geneva bila mkataba wowote.

Sisi tusiungoje, maana tumewahi kuthubutu peke yetu. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza Agosti 28, 2017, na faini yake ni hadi shilingi milioni 4. Waagizaji walikwenda mahakamani kuizuia, wakashindwa. Waziri wa mazingira wa wakati huo, Judi Wakhungu, hakurudi nyuma, na mifuko iliyokuwa ikining'inia mitini na kwenye nyaya ikatoweka. Leo nikinunua nyanya nafungiwa tena katika mfuko ule ule mwembamba, uliopenyezwa kutoka nje. Simlaumu mama mboga. Waliopewa kazi ya kuilinda sheria ile ndio wameiacha ilegee.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 nayo inamtwika mtengenezaji mzigo wa taka za bidhaa zake. Waziri atuambie hadharani ni kampuni ngapi zinaokota chupa zao, na ngapi zimeadhibiwa. Gavana naye atutajie tarehe ambayo jaa la Dandora litasogezwa kutoka ukingoni mwa mto. Iwe kabla ya masika.

Mkazi wa Dandora,
Nairobi