Kwa mwanangu, kabla hujapanda boti ya Chumbe

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, nimefurahi kusikia wewe na mumeo mmepata siku tatu za kwenda kulala Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na Unguja. Kabla hamjaondoka Mbweni nataka ujue mambo ya huko, maana banda la makuti mtakalolala lina adabu zake.

Kubwa ni maji. Chumbe ni maweni matupu, hakuna kisima wala kijito. Maji ya kuogea ni ya mvua: yanateremka kutoka kwenye paa, yanapita kwenye chujio, yanaingia kwenye tangi lililo chini ya banda, halafu yanapandishwa kwa pampu ya mkono. Hesabu yake nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, basi paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 20 linatoa lita 2,000, ukiondoa yanayonyonywa na makuti na yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Bomba la kuogea la mjini humwaga kiasi cha lita 10 kwa dakika. Ukijisahau chini yake robo saa, lita 150 zimekwenda, na baina ya vuli na masika kiangazi ni kirefu. Jilowanishe, funga, jipake sabuni, ndiyo ufungue ujisuuze. Ndoo ya lita 20 inawatosha nyote wawili. Kinachoponza watu ni chumvi: kila wakitoka baharini wanataka kuoga. Jisuuzeni uso na miguu tu, mwoge mara moja jioni.

Maji hayo yakishatoka bafuni huingia kwenye vitanda vya mimea inayonyonya mbolea iliyomo, ili isifike kwenye matumbawe. Kwa hiyo chukua kipande cha sabuni ya kawaida. Dawa kali za nywele na za kusafishia ziache nyumbani.

Choo hakivutwi maji, ni cha mboji. Kila ukimaliza haja kubwa unatupia konzi ya majani makavu yaliyowekwa pembeni, yafunike kabisa. Majani yanaacha nafasi ya hewa, na vijidudu vinavyoozesha vinataka hewa. Maji yakizidi, nafasi zinajaa, hewa inakosekana, na hapo ndipo harufu na nzi vinapoanza. Sasa sisi tunaostanji kwa maji lazima tuangalie. Ukifika tu, muulize mhudumu bila haya maji ya kustanji yamwagwe wapi. Akisema humo humo, tumia kopo dogo, nusu lita inatosha, na uongeze konzi ya pili ya majani. Taulo za hedhi na nepi za watoto hazitumbukizwi kabisa, haziozi.

Umeme ni wa jua. Simu ichajiwe mchana jua likiwa kali, usingoje usiku betri zinapobaki na kazi ya taa. Njia za msituni ni giza, na zimeachwa hivyo makusudi, kwa hiyo kurunzi ni lazima. Mmulike mnapokanyaga: usiku hutoka kaa wa nazi, kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, akikomaa anafika kilo 4. Gando lake linapasua nazi, basi usimpe kidole hata kwa utani. Usiache chakula nje, wala kandambili. Asubuhi mkitulia mnaweza kumwona paa nunga, swala mdogo wa msituni, ambaye huko kwingine amebaki kidogo sana. Mkibwata usiku mzima kwenye vibaraza basi hamtamwona.

Bahari sasa. Tazama mwezi kabla ya kupanga. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji huku kwetu hujaa karibu saa 10 na kupwa kabisa karibu saa 4, na kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Kutembea mwambani ni wakati wa kupwa, na raba zenye soli ngumu, kwani miiba ya wale viumbe weusi wa duara wanaokaa mwambani inapenya kandambili na kukatikia ndani ya nyama. Kuogelea kutazama matumbawe ni maji yakiwa yamejaa. Yakiwa haba unajikuta tumbo linakaribia jiwe, unababaika, unasimama. Hapo ndipo tumbawe linapovunjika. Yale ya matawi yanakua sentimita chache kwa mwaka, na yale ya duara kama sentimita 1 tu, kwa hiyo kisigino kimoja kinafuta miaka. Ukichoka, lala chali uelee, umwashirie mwongozaji. Uvuvi umekatazwa kwenye matumbawe ya upande wa magharibi wa kisiwa tangu 1994, ndiyo maana samaki hawakimbii. Msiwafukuze wala kuwalisha.

Badala ya kujipaka mafuta ya jua mwilini kote, vaa fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, inasitiri na inakinga mgongo. Chandarua kichomekwe chini ya godoro kabla ya magharibi, mbu wasiwatangulie ndani.

Mifuko ya plastiki msichukue, na betri zilizokwisha mrudi nazo mjini. Kurunzi yangu ndogo ipo kabatini, nimeitia betri mpya. Pitieni muichukue mkienda.

Msalimie mumeo.

Mamako