Wamongolia hawakuvunjwa na Ain Jalut

Mhariri,

Makala yenu kuhusu dola ya Wamongolia nimeisoma mara mbili, kisha nikaibandika ukutani darasani ili wanafunzi wangu wa kidato cha nne nao waisome. Nawashukuru kwa kuiandika historia hii kwa Kiswahili. Lakini kuna sentensi moja siwezi kuinyamazia: kwamba dola hiyo ilivunjwa na Mamluki, askari watumwa waliotawala Misri, pale Ain Jalut, Palestina, Septemba 1260. Sivyo. Sultani wao Qutuz na jemadari wake Baybars waliwapiga Wamongolia kweli, na sifa zao wapewe. Ila dola ilikuwa imeshapasuka, na walioipasua walinyonya ziwa moja.

Agosti 1259 Khan mkuu, yaani mtawala wa dola nzima, Möngke alifia vitani Sichuan, China. Tangu babu yao Genghis Khan atawazwe mwaka 1206, ukoo haukuwahi kuwa na kanuni ya wazi ya urithi. Kila wa damu yake aliweza kudai kiti, kisha baraza la ukoo, kurultai, liamue. Hulagu, aliyeiteketeza Baghdad mwaka 1258, alipopata habari ya msiba wa kaka yake aliondoka Sham na sehemu kubwa ya jeshi, akamwachia jemadari Kitbuqa kikosi kidogo. Hicho ndicho Mamluki walichokutana nacho.

Wakati huohuo, huko mashariki, ndugu wengine wawili, Kublai na Ariq Böke, kila mmoja alikuwa amejitangaza Khan mkuu. Hapa ndipo ningependa wasomaji wenu watue. Karakorum, mji mkuu, ulikuwa katikati ya nyika ya malisho na haukujitosheleza kwa chakula. Rashid al-Din, mwanahistoria wa Iran, ameandika kwamba enzi za Ögedei, mwana wa Genghis, mikokoteni 500 ya vyakula na vinywaji iliingia mjini kila siku. Kublai, aliyeishika China, akaikata njia hiyo. Njia iliyowekwa na baba yao mkubwa ili mji upate kula, mtoto wa ndugu yake aliifunga ili mji ulale na njaa! Ariq Böke alihangaika hadi 1264, akasalimu amri.

Magharibi nako Berke, binamu yao Mwislamu aliyetawala Wamongolia wa nyika za Urusi, alipigana na Hulagu kuanzia 1262. Walikuwa wakigombea malisho ya Kaukazi, na damu ya Baghdad ilikuwa bado inamuuma Berke. Majira ya baridi yaliyofuata askari wa Hulagu walikimbia juu ya mto Terek ulioganda, barafu ikavunjika, wengi wakazama. Berke akawa anapelekeana wajumbe na Baybars, adui wa binamu yake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Yaliyobaki yalikuwa mapande manne. La Iran lilisambaratika baada ya mtawala wake Abu Said kufa mwaka 1335 bila mtoto wa kiume. La China lilikwisha 1368, mfalme wake Toghon Temür alipoukimbia mji wake wa Dadu, Beijing ya leo, kurudi nyikani.

Naomba mchapishe sahihisho. Makala bado iko ukutani, na pembeni ya sentensi ile nimeandika kwa kalamu nyekundu: 1259.

Mwalimu wa historia,
Tanga