Tupaue Chumba cha Kumbukumbu Wazee Wakiwa Bado Wapo

Ndugu wazazi, wahitimu wetu na wana Mara popote mlipo, tunawasalimu.

Oktoba 2024, Jenerali David Musuguri, Mkuu wa Majeshi wetu wa zamani, alipofariki akiwa na umri wa miaka 104, mwalimu wetu wa historia aliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu mzee huyo alikuwa mtu wa wapi. Wengi walijibu Dar es Salaam. Mmoja akasema Uganda. Tulicheka ofisini, kisha kicheko kikatuishia, kwa sababu Musuguri alizaliwa Butiama mwaka 1920, na wanaosoma hapa wanapita njia hiyo wakienda kwa bibi zao.

Aliingia jeshi la Mwingereza mwaka 1942, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya, akapigana Madagaska. Vita vilipokwisha alifanywa mkufunzi huko Kahawa, Kenya, na kati ya waliopita mikononi mwake alikuwemo kijana mmoja mrefu, bondia, jina lake Idi Amin. Enzi hizo Mwafrika hapewi kamisheni. Ukomo wake ulikuwa efendi, cheo cha chini ya ofisa, na Musuguri alifika hapo kabla ya Uhuru.

Oktoba 1978 yule mwanafunzi wa zamani, sasa mtawala wa Uganda, akavamia Kagera. Daraja la Kyaka likalipuliwa, na Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba sababu ipo, nia ipo, uwezo upo. Mapema mwaka 1979 Musuguri akakabidhiwa Divisheni ya 20 ya jeshi letu. Masaka, mji wa kusini mwa Uganda, ilitekwa Februari. Mwezi uliofuata ikaja Lukaya, na hapo naomba mnivumilie kidogo, maana hiyo ndiyo vita iliyokuwa ikitajwa nyumbani kwetu.

Barabara ya kwenda Kampala hapo Lukaya inakatiza kinamasi. Brigedi yetu ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo waliotolewa mashambani miezi michache tu nyuma, ilishambuliwa na majeshi ya Amin pamoja na Walibya, makombora ya Katyusha yakiwaka juu yao, ikatawanyika. Brigedi ya 208 ikalazimika kuzunguka usiku na kuwavamia adui alfajiri ya Machi 11 kutoka upande wasioutazamia. Mwezi mmoja kamili baadaye, Aprili 11, Kampala ikaanguka. Musuguri akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, halafu akarudi nyumbani kuzeeka.

Baba yangu alikuwa mgambo. Habari za Lukaya alizotusimulia ni za tope tu: tope lililomvua kiatu cha kushoto, na jinsi alivyotembea siku mbili hivyo hivyo. Mengine aliondoka nayo. Mama ndiye aliyejua zaidi, kwa kuwa yeye alisoma barua zake, lakini barua hizo ziliyeyuka mwaka paa letu lilipovuja. Jenerali ameandikwa na atazidi kuandikwa. Askari wa miguu waliomfuata, na wake zao waliolima peke yao msimu ule bila kujua kama ni wajane au la, wataandikwa na nani kama si sisi?

Ndiyo maana kamati ya shule, pamoja na wazee wa vijiji vinavyotuzunguka, iliamua kujenga chumba cha maktaba chenye sehemu ya kumbukumbu. Wanafunzi wameanza kwenda kwa wazee na daftari. Picha, vitambulisho, medali na barua zitanakiliwa na kurudishwa kwa wenyewe. Hatumnyang'anyi mtu sanduku la mzee wake. Tunasema wazi kwa sababu swali hilo limeulizwa kwenye kila kikao.

Boma limesimama mpaka kwenye linta. Matofali yalifyatuliwa na wazazi, mchanga na mawe tulisomba wenyewe siku za Jumamosi, na maji yalibebwa kichwani na kina mama ambao hawakukosa hata wiki moja (kina baba, mnajijua). Kilichotushinda ni kupaua. Tunahitaji mbao za kenchi, mabati, misumari, saruji ya sakafu na lipu, madirisha ya chuma, na fundi. Rafu na meza tutachonga baadaye, zisitusumbue sasa. Masika yakitukuta bila paa, kuta zitaanza kumeguka kwa juu, na kazi ya mwaka mzima itakuwa imekwenda na maji.

Harambee itafanyika hapa shuleni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, kuanzia saa nne asubuhi. Aliye mbali achukue kadi ya mchango kwa mjumbe wa darasa la mwanawe, au amtume ndugu kwa mhazini, na adai stakabadhi. Bati moja ni mchango. Mfuko wa saruji ni mchango. Jogoo wa mnada anapokelewa pia, mwaka jana mmoja aliuzwa mara tano na akarudi kwa mwenyewe akiwa hai. Mwenye ahadi ya zamani ambayo haijatimizwa tunamkumbusha kwa upole. Mapato na matumizi yatabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi.

Kabla ya chakula, wazee watatu waliovuka Kyaka watakaa chini ya mwembe na wanafunzi watawauliza maswali waliyoandaa wenyewe. Tuliahidi kuwafuata kwa gari. Wawili wamekubali. Wa tatu, mwenye nyumba mbali kuliko wote, amesema atakuja kwa miguu, ila tumwambie mapema ili aanze safari alfajiri.