Zuio la kuendeleza ardhi nalo lilipiwe fidia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa Lindi na Mtwara tunaishi nalo tangu miradi mikubwa ilipoanza kutufuata huku kusini, nalo ni mtu kuambiwa asiendeleze ardhi yake kwa kuwa imepangiwa matumizi mengine, kisha akaachwa hivyo hivyo bila malipo na bila kuelezwa mwisho wa zuio hilo ni lini. Mijadala mingi ya fidia huhusu kiasi: mkorosho umelipwa shilingi ngapi, nyumba ya udongo imethaminiwaje. Ni haki kuyauliza hayo. Hata hivyo, katika miaka niliyokuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kata, malalamiko mazito zaidi niliyoyasikia yalihusu kipindi cha katikati, baada ya wathamini kuondoka na kabla ya fedha kufika.

Utaratibu wenyewe tunaujua. Wathamini hufika wakiwa na viongozi wa kijiji au mtaa, mwenye mali hupigwa picha ameshika kibao chenye namba, miti huhesabiwa, fomu husainiwa, na papo hapo hutangazwa kwamba chochote kitakachopandwa au kujengwa baada ya siku hiyo hakitahesabiwa. Tangazo hilo lina sababu ya msingi, na sina ugomvi nalo. Bila tarehe ya ukomo, wapo ambao wangechomeka miche kila hatua moja na kusimamisha vibanda visivyolala mtu, ile inayoitwa tegesha, na mzigo wake ungebebwa na walipa kodi wote. Ugomvi wangu ni kwamba ukomo huwekewa tarehe ya kuanza tu. Msimu mmoja hupita, wa pili, wa tatu, na kila mwenye shamba akiuliza ofisini hujibiwa kwamba mchakato unaendelea.

Kwa asiyelima korosho huenda hasara hii isionekane, kwa kuwa mti upo palepale na unaendelea kuzaa. Mkorosho unaozaa vizuri ni ule uliopaliliwa, uliopogolewa, na uliopulizwa salfa kwa wakati ili ugonjwa wa ubwiri unga usiunguze maua. Hata pale salfa ya ruzuku inapofika kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, bado kuna pampu ya kukodi, mafuta na vibarua wa kulipa. Ni nani atakayetoa fedha hiyo mfukoni kwa shamba ambalo huenda mwakani lisiwe lake? Basi huliacha. Vichaka hupanda, moto wa kiangazi huingia, miti mizee hufa bila kupandiwa mingine, ingawa kituo cha utafiti cha Naliendele kiko jirani na kimetoa aina bora za miche. Ikitokea uthamini ukarudiwa, shamba huhesabiwa likiwa katika hali ile dhaifu iliyosababishwa na zuio lenyewe, na mwenye mali akawa ameumizwa mara mbili kwa jambo moja.

Nyumba nazo zina habari yake. Paa la makuti linataka kuezekwa upya baada ya miaka michache, lakini mwenye nyumba huogopa kuezeka bati asije akaambiwa kwamba amekiuka. Kijana aliyetaka kuongeza chumba ili aoe husubiri. Anayetaka kuuza hapati mnunuzi, na anayetaka kuweka dhamana hati yake ya hakimiliki ya kimila hukuta benki imeshasikia habari za eneo hilo. Wazee hufariki kabla ya malipo, na warithi hulazimika kwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi ili waruhusiwe kupokea fedha ambazo marehemu alisaini fomu yake akiwa na nguvu zake. Nimeshuhudia ndugu wakigombana juu ya fidia ambayo hakuna hata mmoja wao aliyejua kama itakuja.

Sheria zetu, zikisomwa vizuri, haziruhusu hali hii. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay mwaka 1994, ilitamka kwamba haki ya kumiliki ardhi kimila nayo ni mali inayolindwa na ibara hiyo. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na zinamtaja mtu ambaye haki yake imefutwa na vilevile yule ambaye haki yake imeingiliwa kwa namna inayomdhuru. Hilo la kuingiliwa ndilo ninaloliombea uzito, kwa kuwa mtu aliyezuiwa kupanda na kujenga kwa miaka mitatu ameingiliwa, hata kama jina lake bado limo katika daftari la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inakwenda mbali zaidi: ardhi ya kijiji haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kulipa na wakati wa kulipa viwe vimekubaliwa. Ni vijiji vingapi vimewahi kuonyeshwa makubaliano ya wakati?

Tena Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 imeweka saa ukutani. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini, inaanza kuzaa riba, na ikipita miaka 2 uthamini huo hauna nguvu tena. Tatizo ni kwamba saa hiyo inasomwa ofisini tu. Mwananchi hajui tarehe ya idhini, kwa hiyo hawezi kudai riba, na uthamini unapokwisha muda hakuna barua inayokwenda kijijini kusema kwamba sasa limeni na mjenge.

Huko Likong'o, hapa Lindi, ambako kumetengwa eneo la mtambo wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika, wakazi walikaa miaka kadhaa wakijua kwamba ardhi yao itachukuliwa kabla Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) halijawalipa mwaka 2020. Walilipwa, na hilo ni jema. Swali ni kile walichokosa walipokuwa wakisubiri, ambacho hakina safu yake katika jedwali la fidia. Jedwali hilo, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2001, lina thamani ya maendelezo, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi kwa kipimo cha kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea. Hesabu zote hizo huanzia pale mtu anapoondoka.

Nitaulizwa kama basi kila mpango wa matumizi ya ardhi ulipiwe. Hapana. Sheria ya mazingira inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au mto inatulinda sote, na sioni kwa nini mtu alipwe kwa kuzuiwa kuharibu ufuko wa jirani yake. Jimbo la Oregon huko Marekani lilijaribu njia hiyo mwaka 2004, wapiga kura walipopitisha kwamba serikali imlipe kila mwenye ardhi aliyepunguziwa thamani na kanuni za matumizi au imwondolee kanuni hizo. Madai yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 2007 wapiga kura haohao wakaipunguza sana sheria hiyo. Ninachozungumzia mimi ni chembamba zaidi: serikali au taasisi yake inapoitaka ardhi hiyo kwa mradi wake na kuifunga kabla ya kuilipia. Hata kwenye barabara tumeweza kutofautisha, kwani Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, alama ya X nyekundu inayochorwa kwenye nyumba ikawa ya aliyeingia hifadhini na X ya kijani ya yule aliyefuatwa na barabara, anayestahili fidia. Huyu wa kijani naye, hata hivyo, hukaa na alama yake mpaka mvua iifute.

Naziomba halmashauri zetu zibandike katika ofisi ya kila kijiji na mtaa husika tarehe ya idhini ya uthamini, tarehe ambayo riba itaanza, na tarehe ambayo zuio litakoma lenyewe iwapo malipo hayajafika. Wizara yenye dhamana ya ardhi nayo iongeze katika kanuni fungu la fidia ya kipindi cha zuio, likokotolewe kwa mavuno ya kawaida ya shamba kabla ya tangazo. Takwimu zake zipo katika vyama vya msingi, kwa kuwa korosho zetu hupimwa na kuandikwa ghalani kila msimu. Na Mfuko wa Fidia ya Ardhi uliotajwa katika Sheria ya Ardhi uwekewe fedha za mradi kabla wathamini hawajapanda gari kuja kwetu.

Wako,
Mkazi wa Mingoyo,
Lindi.