Kisu chako cha kwanza, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo, na tumefurahi kusikia kwamba umeshazoea makazi mapya na kazi inakwenda vizuri.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka kununua kisu cha kukunja, cha kukaa mfukoni siku zote, na umenitumia picha tatu nikuchagulie. Ningeweza kukujibu kwa neno moja kwenye simu. Nimeona heri nikae niandike, kwa sababu mkono wangu umeshinda na kisu zaidi ya miaka thelathini katika kazi ya makochi, na sitaki ujifunze kwa njia niliyojifunzia mimi.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Mimi sikuwafuata. Ulikililia kisu changu ukiwa na miaka sita, nikakiweka juu ya kabati na ukalala umenuna. Sasa u mtu mzima, unajitegemea, na wembe nakupa. Ila nakupa pamoja na ninayoyajua.

Tuanze na kazi. Nilikuuliza wiki iliyopita ulitaka kukata nini na ukakosa kisu, ukanijibu: maboksi, kamba za plastiki za kufungia mizigo, chungwa la mchana, uzi uliokuwa unaning'inia kwenye mkoba, na penseli. Basi kisu chako ni cha kazi hizo. Hakuna hata moja inayohitaji bapa lililozidi sentimita nane. Watu wengi wanaoanza hununua kisu cha kazi ambayo hawataifanya maisha yao yote, wakijiona porini wanapasua magogo, halafu kile kisu kinawalemea mfukoni, na baada ya mwezi kinabaki kwenye droo. Kisu kilichobaki kwenye droo hakikati kitu.

Ndiyo maana ile picha ya kwanza, kile cheusi kinachofyatuka kwa kitufe, nakuomba ukiache. Nimesoma maelezo yake: mgongo wa bapa una unene wa milimita 4. Mgongo wa namna hiyo unapendeza machoni na unakupa imani kwamba hakitavunjika, lakini jaribu kukata nacho karoti. Kinaingia hadi katikati, halafu karoti inapasuka kwa mlio, vipande viwili vinaruka kila kimoja upande wake. Hapo umepasua karoti, hujaikata. Bapa lenye unene wa milimita 2 au 2 na nusu, lililosawazishwa likazidi kuwa jembamba kuanzia mgongoni hadi kwenye makali, linapita kimya na vipande vinabaki vimelala palepale. Wembamba huo wa nyuma ya makali ndio unaofanya kisu kikate, na ndio ambao mnunuzi mgeni hauangalii kabisa, kwa kuwa kwenye picha hauonekani.

Kisha kina meno nusu ya bapa. Meno yanakata kamba vizuri, sikatai. Lakini siku yakiwa butu huwezi kuyanoa kwenye kinoo cha kawaida. Yanataka kinoo chembamba cha mviringo, uingie jino moja baada ya jingine. Kwa mtu anayeanza, makali yaliyonyooka kutoka shina, pale bapa linapoingia mpinini, hadi ncha yanatosha. Na hicho kitufe cha kufyatua kinaweza kukuingiza matatani, kwa sababu nchi nyingi zimepiga marufuku visu vya aina hiyo.

Kwa jambo la sheria nakusihi sana. Kabla hujalipa, soma sheria ya hapo unapoishi, na ya kila unaposafiri, maana hazifanani. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na kufuli, yaani kizuizi cha kulishika bapa lisijikunje, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unaweza kutembea nacho bila kutakiwa kutoa sababu. Kikiwa na kufuli, hata kiwe kidogo namna gani, lazima uwe na sababu ya msingi. Ukisafiri kwa ndege, kisu kiende kwenye begi la mizigo, kamwe kisibaki kwenye mkoba wa mkononi. Wewe unakijua kama kifaa, lakini mlinzi wa mlangoni hajui ulichonacho moyoni.

Sasa nikueleze habari ya kovu. Lile la kidole changu cha shahada, mkono wa kulia, ulilokuwa ukilipapasa ukiwa mdogo na kuuliza kama bado linauma. Nilikuambia nilikatwa na bati. Haikuwa bati. Nilikuwa na kisu cha kukunja nilichokinunua kwa sura yake, kizito, mpini unang'aa, na kufuli la ndani. Kwa wiki kadhaa nilikisikia kikicheza kidogo kila nikikifungua, tik, tik, kama mlango wenye bawaba iliyolegea, nami nikaendelea kukitumia. Siku hiyo nilikuwa natoboa ngozi ya kiti kwa ncha yake. Ngozi ilikuwa nene, nikaegemeza uzito wangu wote. Kufuli likateleza. Bapa lilijikunja likarudi juu ya kidole changu, na nilipotazama niliona weupe wa mfupa kabla damu haijaanza kutoka. Nilishonwa nyuzi tano, na mpaka leo ncha ya kidole hicho haihisi baridi.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, kutoboa kwa kisu cha kukunja kazi ambayo ni ya msharasi. Kisu cha kukunja kimetengenezwa kukata kwa makali, mkono ukivuta au kusukuma upande wa makali, na hapo nguvu yako yenyewe inakizuia kisijifunge. Ukisukuma kwa ncha, au ukigandamiza mgongo, unakisukuma kijifunge, na kilichosimama kati yako na jeraha ni kipande kidogo cha chuma. La pili ni kwamba sikukitazama kipande hicho hata siku moja.

Kwa hiyo wewe kitazame. Kufuli la ndani unalolikuta kwenye visu vingi ni ubati mwembamba ulio ndani ya mpini, ambao bapa likifunguka unaruka kando na kusimama nyuma ya shina lake. Fungua kisu, kielekeze kwenye mwanga, uangalie ubati umeshika wapi. Ukiwa umeingia vizuri na uso wake wote umekaa kwenye shina, sawa. Ukiwa umegusa ukingoni tu, kirudishe. Kisha shika mpini kwa kuubana pande zake mbili, vidole vyote viwe nje ya njia ya bapa, na ugonge mgongo wa kisu polepole kwenye ubao au kitabu kinene, mara mbili tatu. Usipige kwa nguvu, gonga tu. Kikijikunja, si kisu cha kununua. Tikisa bapa kulia na kushoto, juu na chini. Ukisikia ule mlio wa tik, umekwisha kupata jibu.

Picha ya pili, kile chekundu chenye msalaba, nakiheshimu. Kinatoka Uswisi, Victorinox. Karl Elsener alifungua karakana yake kule Ibach mwaka 1884, akaanza kuwapelekea askari visu mwaka 1891, na kile cha maofisa, ambacho ndicho baba wa hiki unachokiona, akakisajili mwaka 1897. Mama yake aliitwa Victoria. Alipofariki mwaka 1909, mtoto akaipa bidhaa yake jina la mama, na mwaka 1921, walipoanza kutumia chuma kisichoshika kutu, wakaongezea "inox". Kila nikikiona kisu hicho namkumbuka yule mama. Hiki cha kwenye picha yako hakina kufuli. Bapa limeshikwa na springi tu. Usidhani ni kasoro. Kisu kisicho na kufuli kinaufundisha mkono adabu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa unajua wakati wote kwamba kinaweza kujikunja. Tena kina mkasi na bisibisi, ambavyo huenda ukavitumia kuliko bapa lenyewe. Kama sheria ya hapo haitaki visu vyenye kufuli, basi usitafute zaidi, chukua hiki.

Kama sheria inaruhusu, mimi ningekununulia cha tatu. Kile cha mpini wa mti chenye pete ya chuma shingoni. Ni Opinel, cha Ufaransa, kutoka milima ya Savoie, kilianza kutengenezwa na Joseph Opinel mwaka 1890, na pete ile ya kufunga iliongezwa mwaka 1955. Vinakwenda kwa namba. Namba 8 ina bapa la sentimita 8 na nusu, imezidi kidogo kipimo nilichokutajia, lakini ni jembamba mno na kisu chote ni chepesi hata utasahau kwamba umekibeba. Ukifungua, unaizungusha pete kwa kidole gumba, na ufa wake unaondoka mbele ya bapa. Hakuna kilichofichwa. Unaiona kwa macho kwamba imefunga au haijafunga, na kwa mwanafunzi sijui kufuli lililo wazi kuliko hilo. Ila ujizoeze kuizungusha kila mara, kwa sababu yenyewe haijifungi.

Kina udhaifu wake. Mpini ni mti, ukiingia maji unavimba na kulibana bapa ndani, ukivuta kwa ukucha halitoki. Watu wa kwao hugonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, pembe ya meza kwa mfano, na bapa linachomoza. Kikikulowania, kifute, kiache wazi mahali penye kivuli, usikianike juani mti ukapasuka.

Utaulizwa chuma gani. Chukua kile kisichoshika kutu. Kaboni ndiyo inayoupa ubapa ugumu, na kromiamu, kuanzia kiasi cha asilimia 10.5, ndiyo inayozuia kutu. Cha kaboni tupu kinanoleka kwa raha na mimi nakipenda, lakini wewe unamenya machungwa, na asidi ya chungwa italitia bapa weusi siku hiyohiyo. Wauzaji watakutajia pia namba za Rockwell, yaani kipimo cha ugumu. Visu vya mfukoni huwa kati ya 55 na 62 hivi. Namba kubwa inakaa na makali siku nyingi, lakini kuinoa ni kazi, na ncha yake hukatika kirahisi ikipindishwa vibaya. Kwa mkono unaojifunza, 55 hadi 58 ni mahali pazuri.

Maana kunoa ndiko kutakakoamua kama kisu ulichonunua ni kizuri au la. Kila kisu kitakuwa butu, cha bei ya juu na cha bei ya chini. Na kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakikandamiza, kinateleza, na kinakwenda kisikotakiwa. Fanya hivi. Loweka kinoo hadi kiache kutoa mapovu. Simamisha bapa wima juu yake, kisha lilaze nusu, kisha nusu ya ile nusu: hapo umepata kama digrii 22, karibu kabisa na pembe unayoitaka. Paka makali wino wa kalamu nene, pitisha mara tatu, tazama. Wino ukitoka hadi ukingoni, pembe ni hiyo. Ukibaki ukingoni, umelaza mno. Ukitoka ukingoni peke yake, umeinua mno. Endelea upande mmoja, taratibu, bila kubonyeza, mpaka upande wa pili uhisi kiukingo kinachokwaruza ukipitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje. Usipitishe kidole kwa urefu wa makali, hata siku moja. Kiukingo hicho kikitokea kuanzia shina hadi ncha, geuza, fanya upande wa pili hivyohivyo, kisha punguza nguvu hadi uwe unagusa tu. Malizia kwenye upande wa ndani wa mkanda wa ngozi, ukivuta kwa mgongo. Karatasi ya kawaida ikikatika bila makali kukwama, umefika.

Mara ya kwanza utatumia saa nzima na kitakuwa butu kuliko ulivyoanza. Nami ilikuwa hivyo. Rudia kesho yake.

Kinoo changu cha kijivu nimekifunga kwenye kile kitambaa cha kochi la kijani, kitakufikia pamoja na barua hii. Upande mmoja umeshaingia bonde kwa miaka niliyokitumia, usiutumie. Ule ulio tambarare nimeuwekea alama ya penseli. Kisu kikifika mkononi mwako, kipige picha kikiwa kimefungwa, kutokea upande wa juu, nione kama bapa limekaa katikati ya mpini au limelalia upande, kabla hujaitupa risiti.

Mama anakusalimu na anauliza kama lile shuka linatosha.

Ni mimi,
Baba yako