Asilimia za limfoma: tuulize tezi ilipimwaje

Mhariri,

Takwimu za hospitali kuhusu limfoma (saratani ya seli za kinga, ambayo mara nyingi huanzia kwenye tezi za limfu) zinapotangazwa, kinachobaki vichwani mwa watu ni kwamba aina fulani inaongoza. Tunawaomba waandishi na wasomaji waulize kwanza wagonjwa hao walifikaje hospitalini, na tezi zao zilipimwaje.

Tofauti za kweli zipo. Katika nchi za Magharibi, mgonjwa mmoja hivi kati ya kumi wa limfoma ana ile ya Hodgkin. Kati ya zisizo za Hodgkin, ile ya seli B (aina ya seli nyeupe za damu) kubwa zilizotapakaa huchukua karibu theluthi, ikifuatwa na ya folikuli (vifundo vya seli). Asia ya Mashariki ina sehemu kubwa zaidi ya zile za seli T na NK (aina nyingine za seli nyeupe), na maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi yana limfoma ya Burkitt kwa watoto, mara nyingi tayani. Malaria, VVU, virusi vya Epstein-Barr na umri wa watu, vyote vinachangia.

Lakini tofauti nyingine huzaliwa hospitalini kwenyewe. Penye wodi kubwa ya saratani za watoto, Burkitt itaonekana nyingi. Limfoma za ngozi huishia kliniki ya ngozi, na zisipoingizwa kwenye daftari moja na nyingine hazihesabiwi. Ya folikuli hukua polepole bila maumivu. Mwenye uvimbe usiouma huchelewa kuja, au haji kabisa.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni la kutegemea sindano nyembamba inayochomwa kwenye tezi. Sindano hiyo hutoa seli zilizotawanyika, ilhali folikuli hutambuliwa kwa jinsi seli zilivyojipanga. Katika Hodgkin, seli zenyewe za saratani ni chache sana katikati ya seli za kawaida za kinga. Sindano ikizikosa, mgonjwa anaweza kutibiwa kifua kikuu cha tezi kwa miezi bila nafuu. Itolewe tezi nzima, na kama kuna nyingine iliyovimba, ya kinena iachwe, kwa kuwa huvimba mara kwa mara kwa maambukizi ya miguu. Dawa za steroidi zisianzwe kabla ya hapo ikiwa hali ya mgonjwa inaruhusu, maana huyeyusha uvimbe na kuharibu sura yake.

Tezi ikatwe vipande vya milimita 2 hadi 3, kisha itiwe kwenye dawa ya kuhifadhi, formalini ya asilimia 10 iliyorekebishwa asidi, ujazo angalau mara kumi ya ule wa kinyama (kipande kilichotolewa mwilini). Ikitumbukizwa nzima, formalini huchelewa kufika katikati. Pale huoza, na kingamwili za maabara (protini zinazoshikamana na alama za seli, kama CD20) hazishiki vizuri.

Hizo kingamwili ndizo zinazoamua jina la ugonjwa. CD20 na CD3 hutenganisha seli B na T tu. Bila siklini D1, limfoma ya seli za vazi hufichama kati ya zile za seli B ndogo. Bila CD30 na CD15, Hodgkin hukosa uthibitisho. Burkitt huhitaji CD10, BCL2 ambayo kwa kawaida haionekani, na Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika) inayokaribia asilimia 100. Maabara isiyo navyo itaiita "seli B kubwa", na kundi hilo litavimba kwenye jedwali.

Kwa hiyo kila jedwali lieleze idadi ya wagonjwa (si ya vinyama, kwa kuwa aliyerudiwa na ugonjwa huweza kuhesabiwa mara mbili), umri wao, wangapi walitolewa tezi nzima, kingamwili zilizotumika, na toleo la uainishaji la Shirika la Afya Duniani, kwani la 2008 na la 2022 hayafanani. Wasioainishwa wabaki ndani ya jumla. Wagonjwa wakiwa 40, mmoja tu ni asilimia 2.5.

Dawa huagizwa kwa kufuata majedwali haya. Dawa ya rituximab husaidia penye CD20, si kwenye limfoma za seli T. Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na huhitaji tiba kali kuliko ya seli B kubwa, pamoja na dawa za kulinda ubongo na uti wa mgongo. Mtoto aliyeandikwa jina lisilo lake hatapewa dawa hizo.

Wataalamu wa patholojia